Gitaa la Kiooni

Kitu cha kwanza kuonekana kwa kinyozi huyu ni vidole vyake vya mkono wa kulia. Havitulii. Akimaliza kunyoa na kuweka mashine mezani, vidole vile huhamia kwenye mpini wa brashi, au kwenye ukingo wa meza, au kwenye mkono wa kiti alichokalia mteja, vikaanza kubonyeza. Hiki kinapanda, kile kinashuka, viwili vinakaa pamoja kidogo, kisha vyote vinateleza upande mmoja kama watoto kwenye tope. Asiyemjua hudhani ana maradhi ya mishipa.

Fundi bomba mmoja, aliyekuwa akinyolewa hapo tangu enzi alizokuwa na nywele za kutosha, alimwambia bila kumumunya maneno, "Kaka, nenda hospitali ukaangaliwe. Mkono unatetemeka huo, na wembe uko shingoni mwangu."

"Hautetemeki," kinyozi alijibu. "Unapiga gitaa."

"Gitaa gani? Mbona mimi sisikii kitu?"

"Hata mimi sisikii."

Fundi bomba alicheka mpaka povu la sabuni likamwingia mdomoni. Kinyozi naye alicheka kidogo, kwa adabu ya kazi, lakini hakuwa anatania. Kwa miaka mingi vidole vyake vilikuwa vikipiga muziki ambao yeye mwenyewe hajawahi kuusikia ukitoka mikononi mwake.

Saluni yake ni chumba kimoja tu. Ukuta wa mbele wote umefunikwa na kioo. Chini ya kioo kuna rafu ya spiriti, poda, vitana na mashine mbili, moja nzima na moja ya kutolea vipuri. Katikati kuna kiti cha kuzunguka ambacho hakizunguki tena mpaka kinyozi akisukume kwa goti. Nyuma ya kiti hicho, limeegemea ukuta, liko benchi refu la wateja wanaosubiri zamu, na kwenye kona ya benchi hilo, chini ya feni, ndipo alipokuwa akikaa mjomba wake kila alasiri.

Mjomba huyo, ndugu wa mama yake kinyozi, watu humwita Mzee Solo, kwa sababu zamani alipiga gitaa la solo katika bendi ya dansi. Bendi yenyewe ilikufa bila matanga. Wanamuziki wengine waliaga dunia, wengine waliokoka, mmoja akawa diwani, na Mzee Solo akabaki na gitaa lake na suruali mbili za jukwaani zenye mistari inayong'aa. Nyumbani kwake hakuwa na wa kumpigia. Basi alikuja saluni, akakaa kwenye kona yake, akapiga. Watu walikuja kunyolewa wakasahau kuondoka. Wengine walikuja hata wakiwa wamenyolewa jana.

Kinyozi alipokuwa bado kijana, alimwomba mjomba wake amshikishe gitaa, hata kwa dakika moja.

"Mpwa wangu," Mzee Solo alisema, "nakupenda kama nilivyompenda mama yako. Lakini kuna vitu viwili duniani haviazimwi. Mswaki, na gitaa."

"Siazimi, mjomba. Nashika tu."

"Hata mswaki mtu huanza kwa kushika tu."

Benchi zima liliangua kicheko, na kinyozi hakuomba tena. Lakini macho hayaombi ruhusa. Mikono yake ikinyoa kichwa cha mteja, macho yake yaliinuka kwenye kioo, na mle kiooni akamwona mjomba wake mzimamzima nyuma yake, akaviona vidole vikitembea juu ya shingo ya gitaa. Akavisoma. Leo kidole kimoja, kesho viwili, mwaka huu wimbo mmoja, mwaka ujao mwingine. Alichukua ubao wa kitanda kilichovunjika, akauchonga ukawa mwembamba, akauchora mistari sita ya kalamu badala ya nyuzi, na kila asubuhi kabla ya kufungua saluni aliupakata na kurudia yale aliyoyasoma. Mke wake, fundi cherehani anayeshonea barazani kwao, aliupa ubao ule jina.

"Mke mwenza ameamka salama?" huuliza akipita na ndoo ya maji.

"Ameamka."

"Mwambie zamu yake imekwisha, aje anisaidie kuosha vyombo."

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo ni kinyozi tu angeweza kulikosea. Kinyozi yeyote hujifunza mapema kwamba kioo hugeuza mambo. Anayekiamini kioo kupita kiasi humnyoa mteja ndevu za upande usiostahili. Basi yeye, kwa uangalifu wa kazi yake, kila alichokiona kiooni alikigeuza. Mkono alioona upande wa kushoto, aliuhamishia kulia. Na ili kuhakikisha, aligeuka siku moja akamtazama mjomba wake uso kwa uso, akaona kweli kabisa, shingo ya gitaa imeelekea upande wa kulia wa kinyozi mwenyewe. Akaridhika. Hakukumbuka kwamba mtu anayekutazama, kulia kwako ni kushoto kwake. Laiti angeiga kioo jinsi kilivyo, angekuwa sawa na wapiga gitaa wote. Yeye alikisahihisha, na usahihi wake ndio uliompoteza. Akajifunza kila kitu kwa mikono iliyobadilishana kazi, na kwa kuwa ubao hautoi sauti, hakukuwa na wa kumwambia.

Kati ya nyimbo zote za Mzee Solo, ulikuwapo mmoja ambao hauna maneno wala jina. Aliupiga mwisho wa siku, kinyozi akifagia nywele, mlango umerudishwa nusu. Wao wawili waliuita "ule wa kufungia". Aliutunga ujanani, lakini mkuu wa bendi aliukataa akisema hauchezeki, watu wamelipa kiingilio waje watoke jasho, siyo waje wakumbuke marehemu wao. Haukurekodiwa popote. Uliishi kwenye vidole vya mtu mmoja, na kinyozi alipokuwa akiusikiliza, ufagio ulimsimama mkononi bila yeye kujua.

Halafu ikaja alasiri ile. Kinyozi alikuwa akimnyoa mteja nyuma ya sikio, macho kiooni, akaona mkono wa mjomba wake umesimama katikati ya wimbo. Haukuteleza, haukukosea. Ulisimama tu, kama mtu aliyeitwa. Kabla hajageuka, Mzee Solo alikuwa ameanguka kutoka kwenye benchi, na gitaa lilikuwa chini yake. Kiharusi kilimwacha na uhai, na ulimi, na mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ukawa kama mgeni aliyelala mwilini mwake asiyeamka. Gitaa halikupona. Mbao zake zilitolewa hapo ndani ya beseni la kufulia.

Kinyozi akawa humtembelea kila jioni baada ya kufunga. Siku moja alimkuta amekaa kitandani akitazama ukuta.

"Mjomba, unawaza nini?"

"Ule wa kufungia umenitoka."

"Umekutoka vipi?"

"Umenitoka. Siku zote nilidhani niliuhifadhi kichwani, kumbe ulikuwa mkononi." Akautazama ule mkono uliolala juu ya shuka. "Nautafuta, mpwa. Napata mwanzo, natembea kidogo, halafu njia inakatika. Nitazikwa na nusu ya wimbo, na ile nusu nyingine sijui nani ameniibia."

Kinyozi alitaka kusema, "Ninao mimi." Akajiuliza kwanza. Ana nini? Ana ubao wenye mistari ya kalamu. Ana vidole visivyowahi kutoa hata sauti moja. Je, kama alichosoma kiooni miaka yote ile si wimbo, bali kivuli cha wimbo?

"Na sasa binti yangu amepiga simu," Mzee Solo aliendelea. "Anasema anakuja kunichukua nikaishi kwake. Mbali huko. Jumapili ya wiki ijayo tunaondoka. Nasikia wana maji ya bomba ndani na mjukuu anayepiga filimbi ya shule. Mungu anisamehe, mimi na filimbi!"

Usiku ule kinyozi hakula vizuri. Mke wake alimtazama akizungusha chakula sahani nzima, akaacha kula na yeye.

"Sema."

"Nataka kununua gitaa."

Alitegemea kicheko. Walikuwa wameweka akiba yao kwa ajili ya kiti kipya cha saluni, kiti kinachozunguka bila kupigwa goti. Mke wake alikusanya makombo ya mezani kwa kiganja.

"Ni kwa ajili ya mzee?"

"Nimpigie ule wa kufungia kabla hajaondoka. Nikiukosa mimi, basi umekwisha. Hakuna mwingine aliyeuona."

"Na unaweza?"

"Sijui. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

"Kiti kitangoja," mke wake alisema. "Wateja wameshazoea goti lako. Ila ujue, mke wa ubao nilimvumilia kwa sababu hasemi. Huyu wa sasa akija na kelele, tutalala vyumba tofauti."

Asubuhi iliyofuata kinyozi alivaa shati la harusini, akapiga viatu rangi, akaenda. Duka la vyombo vya muziki liko mtaa wa maduka ya vipuri, kati ya muuza betri na muuza vioo vya magari. Alikuwa amelipita mara nyingi mno, daima kwa upande wa pili wa barabara, kama mtu anayepita nyumbani kwa msichana anayempenda. Leo alivuka.

Ndani palikuwa kimya, na palinuka mbao na vanishi. Magitaa yalining'inia ukutani kwa shingo zao, mekundu, meusi, ya rangi ya asali, mengine yaking'aa kiasi kwamba alijiona mwenyewe tumboni mwao, mdogo na mwenye shati jeupe. Alisimama hapo mlangoni mikono nyuma. Hakujua kwamba yako mengi hivi duniani. Alikuwa amelijua moja tu, akaliheshimu kana kwamba mengine hayapo.

Mwenye duka, mama wa makamo aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, alikuwa akikaza skrubu ya ngoma.

"Karibu, baba. Unamnunulia mtoto?"

"Hapana, mama. Mimi mwenyewe."

"Unapiga?"

"Napiga," alisema, na baada ya kusema akahisi masikio yanawaka.

Alichagua moja la rangi ya asali, si kwa sababu ya sauti bali kwa sababu lilifanana na lile lililovunjika. Mwenye duka alilishusha, akapitisha kidole kwenye nyuzi kulijaribu, na sauti ikajaa chumba. Kisha akamkabidhi.

Jambo la kwanza lililomshangaza ni wepesi wake. Ubao wake ulikuwa mzito kuliko gitaa zima! Alilipakata polepole, kwa uangalifu uleule wa kumpokea mtoto mchanga, akaweka shingo kwenye mkono wa kulia na vidole vya kushoto juu ya nyuzi.

"Kumbe wewe ni wa mkono wa kushoto," mwenye duka alisema.

"Hapana, mama. Mimi wa kulia. Hata mkasi nashika kulia."

"Sasa mbona umemshika mtoto miguu juu?"

Kinyozi hakuelewa. Aliviweka vidole mahali pa kwanza pa ule wa kufungia, mahali alipopabonyeza asubuhi zote za maisha yake ya utu uzima, akavuta pumzi, akapiga.

Ilitoka kelele. Haikuwa muziki mbaya, maana hata muziki mbaya una mpangilio. Ilikuwa sauti ya sufuria zinazoanguka kabatini. Akajaribu mahali pa pili. Sufuria nyingine. Pa tatu. Akaacha. Uzi mnene ulikuwa chini ambapo yeye alijua uzi mwembamba, na mwembamba ulikuwa juu. Alitazama mikono yake kana kwamba ni mashahidi waliomgeuka mahakamani.

"Baba," mwenye duka aliuliza, sasa kwa sauti ya chini, "nani alikufundisha?"

Akamweleza. Saluni, benchi, kioo, ubao, jinsi alivyogeuza kila alichokiona, na katika kueleza akaelewa mwenyewe kwamba hakikutakiwa kugeuzwa. Mwenye duka alianza kutabasamu, kisha akacheka, kisha akacheka hasa, miwani ikamdondoka kutoka kwenye paji la uso ikaning'inia kwenye pua. Kinyozi alicheka naye kidogo, kisha akashindwa. Alikuwa amekaa kwenye stuli fupi, gitaa magotini, na macho yamemlowa.

"Nisamehe," mwenye duka alisema, akaishika miwani. "Sikucheki wewe. Nacheka kwamba jambo kama hili linaweza kutokea."

"Nikianza upya, nitajifunza kwa muda gani kwa mikono sahihi?"

"Kwa umri wetu? Samaki hukunjwa angali mbichi, baba."

"Na mimi ni ng'onda, nimeshakauka."

"Wewe ni ng'onda. Isitoshe, vidole vyako vimeshaoa. Huwezi kuvitaliki leo na kesho ukaviozesha kwingine."

"Mjomba wangu anaondoka Jumapili ya wiki ijayo."

Mwenye duka akanyoosha mkono, akalichukua gitaa, akalilaza mezani chali na kuanza kulegeza nyuzi. Alizitoa zote. Gitaa lilibaki uchi, na kinyozi alihisi kama anaona mtu akifanyiwa upasuaji.

"Mama, unafanya nini?"

"Wewe umegeuka. Basi na lenyewe ligeuke."

Akamwonyesha. Pale juu, shingo inapokutana na kichwa, kuna kipande kidogo cheupe chenye mifereji ambamo nyuzi hulala. Mfereji wa uzi mnene ni mpana, wa uzi mwembamba ni mdogo. Ukizibadilisha tu, nyembamba zitachezacheza kwenye mfereji mpana na nene hazitapata mahali. Lazima kikatwe kipande kingine. Akafungua droo, akatoa kipande kipya, akakisugua kwa tupa ndogo mithili ya ile ya kucha, akipuliza vumbi, akipima kwa jicho, akisugua tena. Alifanya kama hana mteja mwingine duniani, na mteja mwingine alipoingia akauliza bei ya vijiti vya ngoma, alimwambia, "Subiri, nina mgonjwa."

Nyuzi zilirudi, kila mmoja upande wa mwenzake. Akazikaza, akasikiliza, akakaza tena, akamrudishia.

"Haya. Lishike unavyojua."

Kinyozi aliogopa. Sufuria zile bado zilikuwa masikioni mwake. Aliviweka vidole mahali pa kwanza. Nyuzi hizi si mistari ya kalamu. Zilimkata nyama ya vidole, zilikuwa baridi, zilikuwa na ubishi. Akabonyeza zaidi. Akafumba macho. Akapiga.

Aligeuka nyuma kutazama nani amepiga.

Hapakuwa na mtu. Ukutani magitaa yalining'inia, na yule mteja wa vijiti vya ngoma amesimama mdomo wazi kidogo. Sauti ilikuwa bado inaishi, ilikuwa imemshika kifuani pale gitaa lilipomgusa, ikiteremka tumboni, ikienda kufa taratibu kwenye magoti. Ilikuwa sauti ileile. Mlango uliorudishwa nusu, nywele sakafuni, ufagio. Miaka yote ile ilikuwa imekaa vidoleni mwake ikingoja, imenyamaza kama mbegu ndani ya kopo.

Akapiga mahali pa pili. Pa tatu. Ulitoka ukichechemea, nyuzi nyingine zikilia kama nzi kwa sababu hakuzibana vizuri, lakini ulikuwa ule, ulikuwa ule kabisa, na kadiri ulivyosogea alihisi anatembea katika nyumba aliyoijua kwa kuichungulia dirishani tu, na sasa kila mlango anaousukuma unafunguka. Hakulia. Alishangaa mno kulia.

Kisha akafika mahali fulani katikati, akasimama. Hapo vidole havikujua. Mzee Solo alipofika hapo alikuwa na desturi ya kuinama juu ya gitaa, na kichwa chake kikaufunika mkono. Kinyozi aliijua sauti ya mahali pale, angeweza kuiimba, lakini mkono wake haukuwahi kuionyeshwa. Ubaoni alikuwa akipita tu hapo kwa kimya, akasubiri, akaendelea mbele. Ubao haukumlaumu. Gitaa lilimlaumu.

"Endelea," mwenye duka alisema.

"Hapa sipajui."

"Utapajua. Mimi nimesikia nyimbo za watu wengi humu ndani, huu sijausikia kokote. Ni wa nani?"

"Wa mjomba."

"Basi nenda nyumbani, baba. Unafanya nini bado hapa?"

Alilibeba gitaa kupitia mtaa wa vipuri, kifuani, mikono miwili. Wauza betri walimpigia miluzi na kumwomba wimbo wa bure. Hakuwasikia.

Kuanzia siku hiyo, asubuhi kabla ya saluni kufunguliwa, alikaa kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja akipiga. Vidole vilivimba, vikapasuka, akavipaka spiriti akang'ata meno. Mwanzo wa wimbo ukaacha kuchechemea. Mwisho ukanyooka. Ila pale katikati palikuwa kama jino lililong'oka. Alijaribu kila mahali juu ya shingo ya gitaa, juu, chini, vidole vitatu, vidole vinne. Kila alipopata sauti iliyokaribia, haikuwa yenyewe. Mchana wateja walimkuta ameduwaa, na fundi bomba akamwonya kwamba sasa amepona mkono na kuugua kichwa.

Ijumaa asubuhi alichoka. Alifika pale pabaya, akakata tamaa, akauondoa mkono wa kulia kwenye shingo ya gitaa akaulaza gotini. Mkono wa kushoto, kwa mazoea tu, ukaendelea kupapasa nyuzi zilizoachwa huru.

Ndiyo hiyo.

Alibaki amekauka. Akapapasa tena, mkono gotini, hakubana chochote. Ndiyo hiyohiyo! Miaka yote alidhani mjomba wake anaficha pale siri ngumu kuliko zote, kumbe pale ndipo alipokuwa anaachia. Aliinama akapumzisha mkono, akaziacha nyuzi ziseme zenyewe, kisha akaendelea. Kinyozi aliupiga wimbo wote tangu mwanzo hadi mwisho, na alipofika katikati aliinama bila kuambiwa, kwa sababu mwili wenyewe uliomba kuinama.

Alipoinua uso, mke wake alikuwa mlangoni, futi ya kupimia nguo imemning'inia shingoni. Alikuja kumletea chai. Chai ilikuwa imemwagikia sahani ya kikombe.

"Ni yeye," alisema. "Nilikuwa nakuja huku nikidhani amepona, ameletwa, anapiga. Nilikimbia."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Ninakuona." Akaweka kikombe, akakaa kwenye benchi. "Rudia."

Jioni kinyozi alikwenda kwa Mzee Solo, mikono mfukoni ili vidole visionekane.

"Mjomba, kesho mchana nitaleta gari ukanyolewe. Huwezi kufika kwa binti yako na kichwa kama uwanja wa mpira uliosahauliwa."

"Nyoa hapahapa. Mashine si unabeba?"

"Kiti chako kiko saluni."

"Kiti gani? Mimi nina kona ya benchi, sina kiti." Akamtazama mpwa wake kwa jicho la pembeni. "Una nini wewe? Umejipaka spiriti kama mgonjwa wa kidonda."

"Sina kitu, mjomba."

"Kinyozi hajinyoi, lakini hata kuficha jambo hujui. Haya. Kesho."

Kinyozi hakulala sana, wala hakujali. Alifikiri jinsi mzee atakavyoona gitaa limeshikwa miguu juu. Atacheka? Atakasirika kwamba mswaki umeshikwa bila ruhusa? Na mle kichwani mwake njia ilimokatika, je, wimbo ukipita utaipata? Au atausikiliza kama wimbo mzuri wa mtu mwingine, aulize ni wa nani?

Sasa ni Jumamosi mchana. Saluni imefungwa kwa wateja. Fundi bomba amerudishwa mlangoni na ndevu zake, akaambiwa asubiri hadi Jumatatu, naye badala ya kuondoka amekaa nje kwenye kizingiti akisema hata barabara ni ya serikali. Sakafu imefagiliwa. Kona ya benchi imewekwa mto. Feni imezimwa ili isilete kelele. Kinyozi amekaa, gitaa la rangi ya asali magotini, na mara tatu sasa amekausha viganja kwenye suruali.

Mke wake amesimama mlangoni, mkono juu ya macho, akitazama mwisho wa barabara.

"Bado?" kinyozi anauliza.

"Bado."

"Dereva nilimwelekeza vizuri?"

"Ulimwelekeza. Tulia."

Mahali fulani mtaani mtu anapigilia msumari, kisha anaacha.

"Naliona," mke wake anasema. "Gari limekata kona. Mzee amekaa mbele, amefungua dirisha, anagombana na dereva." Anageuka, na macho yake yamekuwa makubwa kama ya mtoto. "Kaa vizuri, baba watoto. Anakuja."

Kinyozi anavuta pumzi, anaviweka vidole vyake mahali pa kwanza, na kungoja.